Ziwa Lilifungwa Miezi Mitatu, Mume Je?

Haya jamani, wiki hii nimekesha na kitabu. Ni It Starts with Us cha Mmarekani Colleen Hoover, kilichotoka Oktoba 2022. Nimekisomea kwenye simu, hapa nyumbani Katonga, mbalamwezi imetanda na mitumbwi imelala mchangani, maana dagaa anataka giza. Nimekimaliza na hasira. Si kwa mwandishi (naye nina lake), ila kwa rafiki yangu mmoja.

Kwa ambao hawajakisoma: Lily ana duka la maua mjini Boston. Aliolewa na Ryle, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, mzuri wa sura na mtamu wa maneno, akawa anampiga. Akishapiga, anaomba msamaha. Hayo yamo kwenye It Ends with Us cha 2016, ambacho mwandishi ameeleza kuwa kilitokana na yaliyomkuta mama yake mzazi. Kitabu hiki cha pili kinatukuta baada ya talaka. Lily analea binti mdogo, na amekutana tena na Atlas, mpenzi wake wa ujanani ambaye sasa ni mpishi mwenye mgahawa wake. Penzi la zamani linapata nafasi ya pili.

Basi nikamsimulia rafiki yangu, mwandishi wa habari mwenzangu, ana digrii yake safi kabisa. Unajua alinijibu nini? "Shoga, mimi namwonea huruma Ryle. Kaomba msamaha, wana mtoto. Si angempa nafasi moja tu?"

Moja tu!

Hiyo "moja tu" naijua. Nimekua nikimwona mama jirani akija mwaloni kuanika dagaa huku mtandio kaushusha hadi jichoni. Alikimbilia kwao mara tatu. Mara tatu wazee wakakaa kikao, wakanywa soda, mume akaomba radhi, mama akarudishwa na kitenge kipya. Mara ya nne hakukimbia. Kwao walishamchoka.

Na tusiwasingizie wazee peke yao. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliwauliza Watanzania kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Wanaume? Asilimia 40. Yaani sisi wenyewe tuliwashinda waume zetu kwa kuwatetea! Wakati huo huo Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Sheria hiyo ni kongwe kuliko mimi na huyo rafiki yangu.

Sasa ngoja niwape mfano wa hapa hapa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi upande wetu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Hiyo ndiyo nafasi ya pili ninayoielewa mimi. Ilikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na nyavu zilitakiwa zitoke majini kwanza. Hakuna aliyeliambia ziwa, "Vumilia, mvuvi kaomba radhi," huku kokoro likiwa bado linavutwa. Ilituuma, maana Katonga inakula kwa dagaa. Lakini tulielewa kwamba kinachoumia hakiponi kikiendelea kuumizwa.

Tunaweza kumpa dagaa miezi mitatu, mwanamke tunashindwa kumpa hata wiki mbili za kukaa kwao bila kutumiwa wajumbe?

Hapo ndipo nampa Hoover heshima yake. Lily hamfungii Ryle mlango wa mtoto moja kwa moja, ila anaweka masharti: amwone mtoto chini ya uangalizi, ahudhurie mafunzo ya kudhibiti hasira. Anayetaka kubadilika abadilike, lakini abadilikie mbali.

Nisipokubaliana naye ni kwa Atlas. Huyu kaka hana kasoro! Anapika, anasikiliza, ana subira, ana hela. Msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba dawa ya mume mbaya ni mume mzuri. Hapana. Kilichomwokoa Lily ni duka lake, na wifi yake aliyesimama upande wake dhidi ya kaka yake wa damu. Wanawake wangapi mwaloni wana wifi wa namna hiyo? Mtaji wenyewe mara nyingi uko mkononi mwa mume. Ni kweli, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai. Ndiyo maana nasema, dada, kabla ya kumtafuta Atlas, tafuta kichanja chako mwenyewe cha kuanikia dagaa.

Najua watakaosema nahamasisha talaka. Sihamasishi talaka. Nasema nyavu zitoke majini kwanza, mengine yazungumzwe baadaye.

Mama yule bado yuko mwaloni. Hamjui Hoover wala hamhitaji. Siku ile ya kwanza alihitaji mzee mmoja kwenye kile kikao aweke soda chini na kumwuliza: "Na wewe mwanangu, unataka nini?"

Mmoja tu.