Gazi, makala ao kashipawa: bei isiyobadilika inamlinda nani ku Goma?

Ndani ya nyumba nyingi za Goma mazungumzo ya jioni ni yale yale: tubaki na makala, tutafute chupa ya gazi, ao tupike na umeme?

Ulaya na Marekani swali hilo linakuja kwa namna ingine. Gazi ya asili inafika jikoni kwa bomba, na mwenye nyumba anachagua mkataba: bei moja kwa mwaka mzima, ao bei inayopanda na kushuka pamoja na soko. Kwetu hakuna bomba. Methani ya Ziwa Kivu, inayokadiriwa karibu meta za ujazo bilioni 60, iko chini ya macho yetu. Upande wa Rwanda, kituo cha KivuWatt kinaigeuza umeme tangu 2016, megawati 26. Upande wetu, serikali ilitangaza bloke tatu za gazi katika 2022, lakini mama wa Ndosho hajaipikia hata chai. Gazi ya chupa tunayonunua ni ya aina ingine, na inatoka mbali.

Hata bila mkataba wa kusaini, kuchagua tunachagua.

Makala ndiyo bei inayobadilika kabisa. Mvua ikiharibu barabara, ao silaha zikilia upande wa Rutshuru ama Masisi, kesho yake soko linajua. Na mara nyingi bei haipandi, ni gunia ndiyo inapungua. Unalipa zile zile za mwezi uliopita, unafika nyumbani, unakuta nusu ya chini ni vumbi.

Muuzaji wa gazi yeye atakuambia: « Bei haijabadilika, ni dola zile zile. » Hapo tuwe macho. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu franka 2.000, mwisho wa mwaka ule ilikuwa imepita 2.600. Mwenye kulipwa kwa dola hakuona kitu. Mwenye kuuzisha ndizi na kupokea franka, kwake ile bei « moja » ilipanda kila mwezi. Njo maana swali la kwanza si kama bei inabadilika, ni inahesabiwa na feza gani.

Kashipawa inaonyesha wazi: umelipa kiasi fulani, umepata kilowati fulani. Wale ambao wangali wanalipa forfe bila kompteri, wao wana bei isiyobadilika ya ukweli, na ndiyo mbaya kuliko zote, juu wanalipa sawa mwezi wa umeme na mwezi wa giza. Lakini hata kashipawa haipiki kama laini imekatika. Januari 2025, wakati wa mapigano, muji ulikaa siku nyingi bila umeme, na mwenye mbabula peke yake ndiye alikula chakula cha moto.

Uingereza waliliona jambo hili kwa njia yao. Tangu 2021 gazi ilipopanda sana, makampuni zaidi ya 25 yaliyouza gazi na umeme yalianguka. Wateja wao waliokuwa na bei ya kudumu waliipoteza, wakahamishiwa kwa kampuni zingine, kwa bei mpya. Ahadi ilikufa pamoja na aliyeiahidi.

Kwa hiyo, kwa nyumba isiyo na mushahara wa kila mwezi, mimi naona kuweka yote mahali pamoja ni hatari. Gazi ni nzuri kwa chai ya asubui, mayai, maji ya mtoto. Maharagi na sombe, vinavyokaa motoni masaa, vitamaliza chupa haraka. Hapo makala ingali inasaidia, hasa ndani ya mbabula inayotunza moto. Umeme ukiwapo, utumie kwa muda ule upo.

Na unapochukua chupa, andika tarehe ku ukuta. Chupa ya kilo 6 iliyokaa wiki tatu mwezi uliopita na mbili mwezi huu, bei yake imepanda hata kama ulilipa sawasawa. Kabla ya kuondoka, omba waiweke ku mizani mbele yako: uzito wa chupa tupu umeandikwa ku chuma yenyewe, juu karibu na mushipi wa kushikia. Unaongeza kilo 6, unaangalia.