Dishi moja, vyumba viwili

Jamani, Jumapili nilikuwa Mzenga kwa shangazi. Mechi imeanza, sebuleni picha safi, chumbani kwa vijana patupu! Kumbe binamu yangu kakata waya wa dishi, kachomeka splita ya bei poa na king'amuzi cha pili.

"Kaka, mbona kimoja kikishika, kingine kinakwama?"

Sikia, mdogo wangu. King'amuzi huiamuru LNB, kile kichwa cha dishi, kwa umeme: volti 13 kwa mawimbi ya wima, 18 kwa ya mlalo. Wawili wakiamuru kwenye waya mmoja ni vurugu tupu. Dawa ni LNB ya midomo miwili, kila king'amuzi na waya wake.

Antena ya kawaida, splita ruksa. Ila ya njia mbili, kila mdomo unapata chini ya nusu ya nguvu. Ya njia nne, chini ya robo. Enzi za analojia ungeona chenga, ukavumilia. Dijitali, iliyobaki peke yake Dar analojia ilipozimwa mwisho wa 2012, inaganda tu. Busta ikae karibu na antena, kabla ya splita. Ukiiweka mwisho inakuza hata uchafu.

Shangazi akauliza nani ananunua hiyo LNB. Vijana wote macho chini.