Goma: majibu ya maji na ya wagonjwa yasomwe pamoja

Mwezi wa saba 1994, kipindupindu kiliingia kati ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakichota maji ya Ziwa Kivu hapa Goma. Kwa mwezi mmoja walikufa watu karibu 50 000, wengi kwa kuhara. Maabara ilionyesha kwamba vijidudu vile havikusikia tena tetrasiklini wala doksisiklini.

Hadi leo familia nyingi zilizokimbia vita zinajaza bidoni ziwani. Anayepima maji akibaki na daftari lake, na anayepima kinyesi cha wagonjwa akibaki na lake, nani atajua vijidudu vilivyozoea dawa vinatoka wapi?

Wakubwa wa afya na wa maji waandike kwenye fishi ya kila mgonjwa wa kuhara mahali anapochota maji. Kila juma walinganishe majibu. Kazi hiyo inaanza na kalamu tu.

Wakaaji nao waache kununua vidonge viwili-viwili vya antibiotiki bila muganga: ndivyo vijidudu vinavyozoea dawa. Mwenye kipindupindu anaokolewa kwanza na maji ya chumvi na sukari, na kufikishwa kituoni haraka.