Fizi: mashamba ya kando ya ziwa yanahitaji samadi, lakini ng'ombe wako wapi?

Ziwa Tanganyika lilipanda sana mwaka 2020 na 2021, likarudia mwaka 2024. Katika mji wa Baraka na vijiji vya kandokando maji yaliingia nyumbani, yakafunika pia mashamba. Mkulima anayerudi kwenye shamba la namna hiyo, akikuta unga mweupe juu ya udongo wakati wa kiangazi, na mahindi yanakauka ncha za majani ilhali chini kuna unyevu, anapaswa kujua kwamba shida yake haiishi kwa kulima tena na kupanda tena.

Misri, Pakistan na India zina udongo wa namna hiyo kwa wingi, na huko watu wanaulima ngano kwa kutumia samadi, mbolea ya dukani na maji ya mifereji. Ngano inavumilia chumvi kuliko mazao yetu mengi. Kwa kipimo ambacho wataalamu wa udongo wanatumia, maharagwe yanaanza kupungua chumvi ikifika 1, mahindi 1.7, mpunga 3, na ngano 6. Na tangu vita vya Ukraine vya Februari 2022 kila mtu anayenunua mkate anajua kwamba RDC inategemea ngano ya nje. Kwa hiyo wazo la kupanda ngano Baraka linavutia.

Lakini ngano inapenda baridi. Baraka iko karibu mita 780 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake halipungui sana hata usiku. Ngano ingefaa Minembwe na Itombwe, juu kabisa milimani, na huko udongo hauna chumvi. Shida ya huko ni uchachu. Kwa hiyo ngano tuwaachie watu wa milimani. Kinachotufaa sisi wa kando ya ziwa ni namna ile ya kuutunza udongo, tukiitumia kwa mpunga, mahindi na muhogo.

Tuanze na maji. Maji ya Tanganyika si ya bahari, watu wanayanywa. Hata hivyo yana magadi, na sehemu kubwa ya chumvi hizo inaletwa na mto Ruzizi kutoka ziwa Kivu. Yakituama shambani bila njia ya kutoka, jua linakausha maji na kuacha magadi. Udongo unafunga, mizizi inakosa hewa. Si kila shamba lililofunikwa limeharibika hivyo. Mengi yana mchanga na matope tu. Uwanda wa Ruzizi, upande wa kaskazini, ndio wenye viraka vya chumvi vinavyojulikana tangu zamani.

Ndiyo maana mfereji wa kuleta maji peke yake ni hatari. Miradi mingi inapenda kupigwa picha kwenye mfereji wa kuingiza maji; mtaro wa kuyatoa hausifiwi na mtu, na ndio unaoondoa chumvi. Maji ya mito inayoshuka milimani, kama Mutambala, ni mazuri zaidi kuosha udongo kuliko kuvuta ya ziwani kwa pompi. Ila mito hiyo nayo inaua: usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mafuriko ya Kasaba, hapa hapa Fizi, yalichukua zaidi ya watu 100. Mfereji uliochimbwa bila kufikiria mafuriko utabebwa na mvua kubwa ya kwanza.

Kisha samadi. Ikioza vizuri, inafungua udongo ili maji yapite, na inasaidia chokaa iliyomo kuyasukuma magadi yatoke. Shauri la kawaida ni tani 10 au zaidi kwa hekta moja. Hapo ndipo mambo ya shamba yanapokutana na mambo ya vita.

Zamani wafugaji, wengi wao Banyamulenge, waliteremsha ng'ombe kiangazi hadi Ngandja na Lulenge, wakatoa itulo kwa machifu kwa ajili ya malisho. Makubaliano hayo yamevunjika. Wakulima, wengi wao Babembe, wanalalamika kwamba mazao yanaliwa; wafugaji wanalalamika kwamba mifugo inaporwa; kila upande una watu wenye silaha wanaosema wanaulinda. Shirika la Life & Peace Institute lilitoa mwaka 2013 ripoti ya Kifaransa ambayo jina lake linataja jembe, ng'ombe na bunduki pamoja, na tangu hapo bunduki zimezidi. Ng'ombe aliyeporwa haachi samadi Mulongwe wala Lusenda, ambako wakimbizi wa Burundi nao wanahitaji ardhi ya kulima.

Mbolea ya dukani haiwezi kuchukua nafasi hiyo. Urea ikimwagwa juu ya udongo wenye magadi, sehemu kubwa inapotea hewani kama harufu. Ni lazima ifukiwe. Na kila gunia linalopita barabara ya kitaifa namba 5 linalipa vizuizi njiani, linafika Baraka likiwa limepanda bei. Tangu Bukavu ianguke Februari 2025, njia ya kaskazini imekuwa ngumu zaidi.

Wakati wa kungoja amani hiyo, kuna mbuzi, kuku, majani ya muhogo na maganda ya mpunga yanayochomwa bure kila msimu. Havitoshi hekta nzima, lakini vinatosha ekari ndogo ya mboga au kitalu cha mpunga. Mtaro wa kutoa maji unachimbwa kwa jembe na majirani kumi. Kazi hiyo inafaa kuisha kabla ya Septemba, kwa sababu mvua za kwanza ndizo zinazoosha chumvi, na shamba lisilo na mtaro litatuamisha maji hayo mwaka mwingine tena.