Mfungwa Aliyepelekwa Lamu: Nani Atakayeandika Maisha Yake kwa Kiswahili?

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Wazao wa wafungwa wa Ireland waliosafirishwa hadi makoloni ya Australia kati ya 1791 na 1868 wameutambua ukweli huo. Babu zao walipelekwa ng'ambo, wengine kwa kuiba kondoo, wengine kwa kuipinga serikali ya Uingereza. Mwaka 1988 Ireland iliipa Australia nakala za kumbukumbu za wafungwa hao, na hivi leo mjukuu anaweza kujua babu yake alihukumiwa wapi, kwa kosa gani na kwa miaka mingapi. Aliyeitwa mhalifu amerudishiwa jina lake.

Je, ni nani anayewatafuta waliohamishwa na dola iyo hiyo katika nchi ya Kenya?

Swali hili lina uzito wa pekee Likuyani, kaskazini mwa Kakamega, panapopakana na Bungoma, Trans Nzoia na Uasin Gishu. Zama za ukoloni, ardhi ya eneo hilo ilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru mashamba yaligawanywa, na familia za Waluhya wa makabila mbalimbali, Wabukusu wakiwemo, zikapewa makao. Mtu aliyedai waziwazi kwamba Mzungu aondoke katika ardhi ya aina hiyo ni Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa.

Masinde alizaliwa mnamo 1910 hivi. Ujanani alikuwa mwanakandanda hodari aliyeichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alilelewa katika kanisa la Marafiki, kisha akaligeukia dhehebu la mizimu ya wahenga. Alipokataa amri za kuwachukua watu kwa kazi ya lazima wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alifungwa, na mwaka 1945 akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwaka 1947, baada ya kuachiliwa, aliwaongoza maelfu hadi Chetambe, mahali ambapo Wabukusu walishindwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa waumini huko Malakisi na kuwaua watu 11. Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku, na Masinde akahamishiwa Lamu, asirudi kwao hadi uhuru ulipokaribia.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio. Serikali iliyomtoa Mekatilili wa Menza kwa Wagiriama mwaka 1913 na kumpeleka Kisii, ndiyo iliyomtoa Masinde bara na kumtupa pwani. Ilidhani kuwa umbali na ugeni wa lugha ungemnyamazisha mtu. Lakini Lamu ni kitovu cha tenzi, nyumbani kwa Muhamadi Kijumwa aliyeuandika utendi wa Fumo Liyongo, shujaa ambaye naye alionja kifungo. Fasihi ya Kiswahili haina ugeni na minyororo. Abdilatif Abdalla aliitunga *Sauti ya Dhiki* akiwa gerezani. Inashangaza basi kwamba miaka ya Masinde kisiwani Lamu haijapewa nafasi inayostahili katika lugha ya kisiwa chenyewe.

Huenda ikadaiwa kuwa hiyo ni kazi ya wanahistoria, na kwamba Vincent Simiyu amekwisha kuandika wasifu wa Masinde. Dai hilo lina ukweli, ila wasifu huo uko kwa Kiingereza. Aidha, faili za serikali ya kikoloni ziliandikwa na mlinzi wa gereza, wala si na mfungwa. Faili iliyomwita mtu mwendawazimu haiwezi kuachwa iwe shahidi wa pekee. Ushahidi wa upande wa pili umo vinywani mwa wazee, katika nyimbo, sala na masimulizi, na hayo ndiyo malighafi ya taaluma ya fasihi simulizi.

Hata hivyo, utafiti usigeuzwe kuwa sifa tupu. Waumini wa Msambwa walishutumiwa kwa kuchoma makanisa na shule. Vilevile, serikali huru iliisajili dini hiyo mwaka 1964, kisha ikaipiga marufuku mwaka 1968, na Masinde akafungwa tena kabla ya kufariki mwaka 1987. Maisha ya namna hii hayaingii katika mizani ya shujaa na mhaini pekee. Yanahitaji mwandishi mwenye subira.

Idara za Kiswahili zina uwezo wa kuanza. Mwanafunzi atokaye Likuyani au Kimilili ayakusanye masimulizi kwa Lubukusu na kuyafasiri kwa Kiswahili. Mwenzake wa Lamu awaulize wazee wa huko wanakumbuka nini juu ya mgeni huyo kutoka bara. Kisha pande hizo mbili zisomwe pamoja na faili za Nyaraka za Taifa.

Aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1948 sasa amepita miaka 90. Faili itangoja rafuni. Mzee hatangoja.