Mazungumzo ya mwalimu: Macho ya mtoto na kioo cha simu



Mtoto akunjaye uso akitazama ubao, asogezaye simu mpaka puani, mara nyingi huitwa mvivu au mzito wa akili. Sisi walimu nasi tumekosa hapo: tumemwadhibu kwa kunakili vibaya maneno asiyoyaona. Kabla ya kumkaripia, tumwulize: “Mwanangu, waona nini pale ubaoni?”

Huenda haoni vema vitu vya mbali kwa sababu jicho lake limerefuka kupita kiasi. Sura ya kitu, badala ya kuangukia utando ulio nyuma ya jicho, huishia mbele yake. Miwani ya kawaida humsaidia kuona, lakini haizuii jicho kuzidi kurefuka. Na jicho lililorefuka mno laweza kuchanika utando wake baadaye, mtu akapofuka.

Je, kosa ni la simu peke yake? La, hata kitabu kilichoshikwa karibu mno saa nyingi chaweza kudhuru. Lakini simu humfunga mtoto nyumbani, ikamnyima mwanga wa mchana.

Huko Guangzhou, nchini China, shule 12 za msingi zilichunguzwa. Katika 6, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 nje kila siku ya shule. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: baada ya miaka 3, watoto 30 hivi katika 100 walikuwa wamepata ugonjwa huu, katika shule nyingine, karibu 40. Taiwan nayo ilianza mwaka 2010 kuhimiza dakika 120 nje kila siku.

Mwanga wa nje hukinga hasa jicho ambalo halijaugua. Aliyekwisha kuugua apelekwe kwa mganga wa macho. Ziko lenzi za namna ya pekee, na matone hafifu ya atropini, viwezavyo kupunguza mwendo wa ugonjwa. Lakini matone hayo asiyatumie mtu bila mganga.

Nyumbani, basi, simu na kitabu vikae mbali na macho sentimita 30 au zaidi. Kila nusu saa mtoto anyanyue uso, atazame mbali. Kisha mwacheni atoke. Msidhani mchezo wa uani ni hasara ya masomo: huko mtoto ayatunza macho atakayosomea kesho.