Kuona si Kutazama

Vitenzi vitatu vinawaponza malenga wetu: kuona, kutazama na kuangalia. Chanzo si ujinga wa lugha, ni mizani. "Naona" ina mizani tatu, "natazama" nne, "naangalia" tano. Basi mtunzi anayehangaika kutimiza mizani nane za ukwapi huvigeuza vitenzi hivi kuwa ngazi ya vipago vitatu, akapanda au kushuka kwa kadiri ya upungufu wake. Mtindo huu nimeukuta katika tungo nyingi mno za siku hizi, nami nashikilia kwamba unaufuta mpaka ambao sayansi ya nuru imechukua karne nyingi kuuchora, na ambao lugha yetu ilikuwa nao tangu zamani.

Swali la kale lilikuwa hili: mtu anapouona mti, ni kitu gani kinachosafiri, na kinatoka wapi kwenda wapi? Euclid, na baadaye Ptolemy aliyeishi Alexandria, Misri, katika karne ya 2, walifundisha kwamba jicho ndilo linalotoa miale, nayo ikaenda kuugusa mti. Rai hiyo ilitawala kwa zaidi ya miaka elfu, na tusiicheke upesi, maana Kiswahili kingali kinaibeba. Twatupa jicho. Twamkazia mtu macho. Jicho la hasidi twaliogopa kana kwamba limerusha kitu kikatupata.

Aliyeipindua rai hiyo ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra mnamo mwaka 965 hivi, aliyefanya kazi na kufia Cairo mnamo 1040. Katika *Kitab al-Manazir*, chenye juzuu saba, mojawapo ya hoja zake ni nyepesi kiasi kwamba mtoto angeweza kuitoa. Ukilikodolea jua, macho huuma. Ukiyageuzia pembeni, umbo la jua hubaki mbele yako kwa muda. Kama jicho ndilo linalotoa, kwa nini liumizwe? Aliongeza jaribio: akapanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, kila moja ikatia doa lake la nuru ukutani. Taa moja ilipofunikwa, doa lake pekee lilitoweka. Nuru za taa zote zilikuwa zimepita katika tundu lilelile bila kuchanganyikana. Nuru, basi, hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni, na jicho hutendwa.

Sasa msomaji na ajiulize kwa nini Mswahili huona njaa. Huona pia baridi, kiu, haya, uchungu na usingizi. Hakuna hata mmoja anayetazama njaa wala kuangalia haya. Kitenzi kuona, katika matumizi yake ya kila siku, hutaja jambo linalomfika mtu bila yeye kulituma, kama nuru ya jua ilivyolifika jicho la Ibn al-Haytham. Kutazama ni tendo la mwenye nia: ni kugeuza shingo, kuchagua upande, kukaza. Kuangalia kuna uangalizi ndani yake. Mtu huangalia mtoto asianguke, naye mwangalizi huwajibika. Sidai kwamba wahenga walikuwa wanafizikia. Lugha hiyohiyo iliyotupa kuona ndiyo iliyotupa kutupa jicho, kwa hiyo imezihifadhi nadharia mbili zinazogombana na wala haihangaiki. Ninachodai ni kwamba mpaka upo, na kwamba mshairi ndiye wa mwisho anayepaswa kuufuta.

Na uchunguzi wa baadaye umezidi kuukoleza. Mwaka 1604 Johannes Kepler alieleza kwamba taswira huangukia kwenye retina, utando ulio nyuma ya jicho, ikiwa juu chini. Katika miaka ya 1660 Mfaransa Edme Mariotte akagundua kwamba mahali mshipa wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho pana upofu kamili. Ndugu msomaji, jaribu sasa hivi. Chora nukta mbili kwenye karatasi, moja kushoto na nyingine kulia, zikiachana sentimita 8. Funga jicho la kushoto, kaza la kulia kwenye nukta ya kushoto, kisha sogeza karatasi polepole mbele na nyuma, umbali wa sentimita 30 hivi. Nukta ya kulia itatoweka. Ajabu ni kwamba hutaona shimo jeusi mahali pake. Utaona weupe wa karatasi. Ubongo umepaziba pengo kwa kubuni, wala haukukuomba ruhusa.

Hata hilo Ibn al-Haytham alilikaribia. Aliandika kwamba sehemu kubwa ya tunachodhani tumekiona ni hukumu inayopita haraka tusiitambue, akatenga utambuzi wa mara moja na ule wa taamuli. Neno ni hilihili letu, taamuli, na limetoka katika Kiarabu kilekile alichoandikia.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ulichapishwa mwaka 2013. Trafton Drew na wenzake waliwapa wataalamu 24 wa radiolojia picha za mapafu, wakawaomba watafute vinundu vya saratani. Katika baadhi ya picha walikuwa wamepachika umbo la gorila, kubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Wataalamu 20 hawakuligundua. Vyombo vilivyofuatilia mwendo wa macho yao vilionyesha kwamba wengi wa hao 20 waliliangukia gorila hilo kwa macho yao wenyewe. Kulieleza tukio hili, watafiti walihitaji kurasa kadhaa. Mimi nauhitaji mshororo mmoja, ambao nimeutunga kwa ajili ya makala haya:

*Nilimtazama sana, lakini sikumuona.*

Mizani nane ukwapini, nane utaoni. Sasa mwambie mtunzi wetu wa ngazi abadilishe vitenzi kwa kufuata hesabu yake, uone kinachobaki.

Wapo watakaonijibu kwamba mtaani mtu husema ameona mpira jana na mwingine ameutazama, na wote wameelewana. Kweli. Mtaani pia maoni na mtazamo hutumiwa kama pacha, ingawa moja limezaliwa na kuona na jingine na kutazama. Msemaji wa mtaani ana uso, mkono na sauti vya kumsaidia. Mshororo hauna.

Wala kisingizio cha mizani hakisimami, kwa sababu Kiswahili kimempa mtunzi ngazi nyingine ndani ya kitenzi kimoja. Naona ni tatu, ninaona nne, ninakiona tano. Natazama ni nne, ninatazama tano, ninakitazama sita. Viambishi vinatosha kupandia na kushukia, na gorila akabaki palepale alipopachikwa.